Meli imepoteza injini: iondolewe mezani au iendelee kupigana?

Swali: *Mwalimu, salaam. Sisi ni vijana wanne, tunacheza Full Thrust, mchezo wa mezani wa vita vya meli za angani, Jumamosi jioni kwa meli tulizokata wenyewe kwenye kadibodi. Ugomvi wetu mkubwa ni meli ikipoteza injini zote. Binamu yangu anasema ikikosa injini inasimama palepale ilipo, kama gari lililoishiwa mafuta. Mwenzetu mwingine anasema hiyo imekufa, iondolewe. Tulijaribu kuiondoa, sasa kila mtu ananunua silaha za sindano na kulenga injini tu, mchezo unaisha upesi na hauna ladha. Tukiiacha, inageuka ngome: inakaa katikati ya meza inafyatua, na tunakesha. Tunaomba kanuni ya haki. Meli iliyolemaa inasogea vipi, inaweza kuvutwa au kutekwa, na mwishoni ihesabiwe pointi ngapi?*

Jibu: Ndugu yangu, salaam zimefika. Nikikusoma vizuri, hamgombani juu ya jambo moja. Binamu yako ana hoja ya fizikia, anayetaka meli iondolewe ana hoja ya muda, na wewe unatafuta haki baina yao. Mkiandika kanuni moja ya kuwaridhisha wote kwa mpigo mtarudi palepale, kwa sababu mnachanganya hali zisizofanana. Kuna meli isiyoweza kubadilisha mwendo, kuna meli isiyoweza kulenga, na kuna meli ambayo mabaharia wake hawataki tena vita. Kila moja inataka kanuni yake, na zote zinaweza kuwa fupi.

Nianze na binamu, maana kosa lake ndilo linalozaa mengi ya matatizo yenu. Gari lililoishiwa mafuta husimama kwa sababu barabara na hewa vinalipunguza mwendo. Angani hakuna cha kupunguza. Injini ya meli ya angani haipo kwa ajili ya kuidumisha kasi, ipo kwa ajili ya kuibadilisha. Ikizimika, meli inaendelea kwa kasi ileile na mwelekeo uleule. Full Thrust, tangu Jon Tuffley alipoitoa kupitia Ground Zero Games ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, imejengwa juu ya msingi huo: mwisho wa raundi unaandika kasi na mwelekeo wa meli, na raundi inayofuata unaanza na vyote viwili. Msukumo ni ruhusa ya kuongeza, kupunguza au kugeuka. Msukumo ukiwa sifuri huna ruhusa yoyote, hata ya kusimama.

Tumeyaona haya kwa watu halisi. Tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipolipuka tarehe 13 Aprili 1970, chombo kilikuwa njiani kuelekea Mwezini, na kiliendelea kuelekea Mwezini. Wanaanga watatu hawakuwa na namna ya kugeuza papo hapo. Walizunguka nyuma ya Mwezi, wakatumia injini ya chombo kidogo cha kutua kurekebisha njia, wakazima karibu kila kitu kuokoa umeme, na wakatua baharini tarehe 17. Kwa kanuni ya mwenzenu, chombo kile kingeondolewa mezani siku ya kwanza. Kwa kanuni ya binamu kingeganda katikati ya safari. Ukweli ulikuwa wa tatu: kilibaki na mwendo wake, watu wake wakiwa hai na wakifanya kazi.

Sasa angalia hiyo ngome inayowakesha. Tuseme meza yenu ina urefu wa sentimita 180, yaani inchi 72 hivi, na mnapima kwa inchi. Meli iliyopoteza injini ikiwa katikati ya meza na kasi ya 14, ina inchi 36 mbele yake. Raundi ya kwanza 14, ya pili 28, ya tatu imetoka. Haikai katikati kufyatua mpaka usiku. Mliifanya ngome nyinyi wenyewe siku mliyokubali kwamba imesimama. Irudishieni mwendo wake na sehemu kubwa ya tatizo lenu itaondoka bila kanuni mpya hata moja. Itabaki meli iliyopatwa na balaa ikiwa na kasi ya 2 au 3. Hiyo ndiyo ya kuitafutia dawa, nami nitaifikia.

Nije kwa anayesema imekufa. Hapa hebu tupige hesabu, kwa sababu watu wengi hudhani kupoteza injini ni jambo la kila mara, kumbe sivyo. Mnajua kwamba kila mstari wa visanduku vya uharibifu kwenye karatasi ya meli ukiisha, unarusha dadu kwa kila mfumo wa meli: mstari wa kwanza mfumo unapotea kwa 6, wa pili kwa 5 au 6, wa tatu kwa 4 na kuendelea. Injini ikipigwa mara moja inabaki na nusu ya msukumo, na ikipigwa mara ya pili ndipo inazimika. Kwa hiyo meli iliyomaliza mistari miwili ina nafasi moja kati ya 18 ya kuwa haina injini kabisa. Iliyomaliza mistari mitatu, ikiwa hakuna aliyetengeneza chochote, ni moja kati ya nne. Yaani hata katika meli zilizotandikwa hadi mstari wa mwisho, tatu kati ya nne bado zina msukumo fulani. Kulemaa kabisa kwa injini ni tukio, na tukio linastahili kuchezwa.

Tena kuna mafundi. Katika kitabu cha kwanza cha meli cha Full Thrust, cha mwaka 1998, meli ina vikundi vya mafundi wanaojaribu kufufua mifumo. Kikundi kimoja kinafaulu kwa 6, viwili kwenye mfumo mmoja vinafaulu kwa 5 au 6, vitatu kwa 4, 5 au 6. Meli kubwa ikipeleka vikundi vitatu kwenye injini, ina nafasi ya nusu kwa nusu kila raundi, na ndani ya raundi tatu nafasi ya injini kuwaka tena ni saba kati ya nane. Ukiiondoa meli hiyo mezani, umemnyima mwenye nayo kitu alichokilipia pointi. Barua yako haikutaja mafundi popote, na nina wasiwasi mmekuwa mkicheza bila wao. Kama ni hivyo, hapo ndipo pa kuanzia.

Na sindano? Mlichokiona ni matokeo ya kawaida kabisa ya kanuni za kujitungia, na inafaa mkielewe vizuri kwa sababu kitawarudia katika mambo mengine. Silaha ya sindano inachagua mfumo mmoja na kuupiga kwa bahati ya 6. Bei yake ilipangwa ikichukuliwa kwamba injini ni mfumo mmoja kati ya mingi, na kwamba inahitaji kupigwa mara mbili. Nyinyi mkasema injini ikizimika meli imekufa. Papo hapo silaha ya bei ya kuvunja mfumo ikawa silaha ya kuua meli nzima, na bei haikubadilika. Wenzako hawakukosea kuinunua, walisoma kanuni yenu vizuri. Kila mkibadilisha maana ya kupoteza kitu, mmebadilisha thamani ya kila silaha inayokilenga. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa kanuni yoyote ya nyumbani: je, kuna silaha ambayo kesho asubuhi kila mtu ataikimbilia?

Kipimo cha pili kinahusu uamuzi. Meli iliyolemaa ibaki mezani ikiwa tu kuna mchezaji ana la kuamua juu yake: mwenye nayo aamue aitengeneze au aikimbie, adui aamue aimalize au aiache akashughulike na wengine. Ikifika mahali hakuna uamuzi wa yeyote, irushieni dadu moja, jambo liishe. Kanuni nitakazopendekeza zimepita katika vipimo hivyo viwili.

Kabla sijazitaja, nikutoe hofu kuhusu ile meli ya mwendo mdogo yenye mizinga mizima. Historia ya pwani yetu ina kisa kinachofaa sana hapa. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Uingereza, HMS Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini Zanzibar mitambo yake ikitengenezwa. Manowari ya Ujerumani, SMS Königsberg, ikaja na kuipiga. Pegasus ilikuwa na mizinga, na ilifyatua. Lakini mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, na kwa kuwa Pegasus haikuweza kusogea, Mjerumani ndiye aliyechagua vita vipiganwe kwa umbali gani. Pegasus ilizama. Kukosa injini hakukuinyima silaha, kuliinyima kauli juu ya umbali, na katika vita vya mizinga hilo karibu ni kila kitu.

Full Thrust inafanya vivyo hivyo. Silaha ya mwale ya daraja la pili inafika inchi 24, ya daraja la tatu inchi 36. Meli inayoelea ikiwa na miale ya daraja la pili tu, kaa inchi 30 kutoka kwake uipige kwa daraja la tatu, haitakujibu. Kama huna daraja la tatu, basi izungukie upande ambao mizinga yake haielekei, maana bila msukumo haiwezi kugeuka kukufuata. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba meli isiyo na injini ni ngome, mwulize kwanza kwa nini anaisogelea.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, na hii ni kwa ajili ya yule wa kuondoa. Königsberg yenyewe baadaye iliharibika mitambo, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Vipuri vyake vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe na kurudishwa. Waingereza walipoigundua, tangu mwisho wa Oktoba 1914 hadi Julai 1915 ilibidi waweke manowari mlangoni kuizuia isitoke, manowari ambazo zingeweza kuwa kwingine. Tarehe 11 Julai 1915, Severn na Mersey, vyombo viwili vya kina kifupi vilivyoletwa mahsusi kwa kazi hiyo, viliimaliza, na mabaharia wake wakaizamisha. Hata hapo haikuisha. Mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikatumika katika vita vya nchi kavu, na mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Meli isiyoweza kwenda popote ilimgharimu adui miezi, kisha ikatoa silaha. Mchezo unaoifuta meli kwa kuwa haina injini unafuta mambo yote hayo.

Basi kanuni. Iteni meli *inayoelea* ikiwa haina msukumo wowote. Iteni *gofu* ikiwa haina msukumo na pia haina hata kifaa kimoja cha kulenga kinachofanya kazi, maana bila kifaa cha kulenga mizinga yake haina faida. Meli iliyopoteza vifaa vya kulenga lakini ina injini haihitaji kanuni, nahodha wake ana akili ya kutosha kuitoa vitani.

Meli inayoelea iendelee na kasi yake na mwelekeo wake wa raundi iliyopita, ifyatue kama kawaida, na mafundi wake wafanye kazi kama kawaida. Nyongeza yangu ni moja: injini iliyofufuliwa irudi na nusu ya msukumo, isirudi kamili hata mafundi wakipata bahati mara ya pili. Hilo linamfanya anayeipiga aone kuwa kazi yake haikupotea, na bado halifanyi sindano kuwa silaha ya kuua.

Kuna wanaopenda meli inayoelea ianze kujizungusha, na wana haki. Chombo cha mizigo, Progress, kilipogonga stesheni ya angani ya Mir tarehe 25 Juni 1997, stesheni ilianza kuzunguka taratibu na ikapoteza umeme kwa sababu paneli zake hazikuelekea Jua. Mwanaanga Michael Foale alinyoosha kidole gumba dirishani, akakilinganisha na nyota ili kukadiria mzunguko, kisha wakautuliza kwa injini za chombo cha Soyuz kilichokuwa kimeunganishwa nayo. Mezani, rusha dadu injini inapozimika: 1 hadi 4 meli inabaki imeelekea ilikokuwa, 5 pua yake inageuka saa moja kulia kila raundi, 6 saa moja kushoto, kwa ule uso wa saa kumi na mbili mnaoutumia. Njia yake haibadiliki, kinachogeuka ni pua na mizinga. Naipenda kanuni hii, lakini sikushauri uianze sasa. Inaongeza kitu cha kukumbuka kila raundi, na nyinyi tayari mnakesha.

Gofu ni habari nyingine, na hapa ndipo muda unapookolewa. Meli ikiwa gofu, mwishoni mwa raundi hiyo rusha dadu mara moja tu, usirudie raundi zinazofuata. Ikitoka 1, 2 au 3, mabaharia wanaendelea kupambana na uharibifu, meli inabaki ikielea na mafundi wake. Ikitoka 4 au 5, nahodha anashusha bendera: hafyatui tena, hatengenezi tena, na hakuna anayeruhusiwa kumfyatulia. Ikitoka 6, mabaharia wanaihama, na meli inahesabiwa kuwa imeharibiwa kabisa. Mchezo wa Battlefleet Gothic, uliotolewa na Games Workshop mwaka 1999, una jedwali linalofanana na hili kwa meli kubwa zilizoishiwa: nyingine zinaelea, nyingine zinawaka moto na kurushiwa dadu tena, nyingine zinalipuka na kuwadhuru walio karibu. Milipuko inasisimua, siwezi kukataa. Ila kwa wachezaji wanne wenye meli chache, gofu moja likilipua meli nzima ya jirani linaweza kuamua mchezo ambao watu wameupigania jioni nzima. Mkiitaka, iwekeni kwenye vita vikubwa.

Ongezeni kikomo: meli yoyote inayoelea au gofu ambalo kwa raundi mbili mfululizo halina adui ndani ya masafa ya silaha za upande wowote, wala mwenzake haji kulivuta, litolewe kando na kuhesabiwa lilivyo. Hakuna anayeamua chochote juu yake tena.

Kuvuta na kuteka vinategemea jambo moja ambalo mchezo wa Triplanetary wa mwaka 1973, wa kampuni ya Marekani ya GDW, ulilieleza vizuri mapema sana: huwezi kuigusa meli nyingine kwa kuwa mahali ilipo tu, lazima uwe na mwendo uleule pia. Katika Triplanetary meli iliyolemaa inafuata mshale wake wa mwendo, haipigi wala haigeuki mpaka raundi zake za kulemaa ziishe, na anayetaka kuipora sharti alinganishe nafasi na mshale. Jambo hili ni gumu kweli. Stesheni ya Salyut 7 ilipozimika mwaka 1985, Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walipelekwa na Soyuz T-13 mwezi Juni kuunganisha chombo chao nayo kwa mkono, stesheni ikiwa haina umeme wala mawasiliano ya kuwaongoza. Walifaulu, wakaikuta imeganda kwa baridi, na wakaifufua.

Mezani: chombo kinachovuta kimalize mwendo kikiwa ndani ya inchi 2 za meli iliyolemaa, mwelekeo uleule, tofauti ya kasi isizidi 2, na kisifyatue raundi hiyo. Raundi inayofuata zinakwenda pamoja. Msukumo wa pamoja ni msukumo wa mvutaji mara uzito wake, gawa kwa uzito wa zote mbili, dondosha sehemu. Mvutaji mwenye uzito 30 na msukumo 6 akivuta meli ya 60, anapata 6 mara 30 gawa kwa 90, yaani 2. Inatosha kuitoa mezani polepole, na mvutaji anabaki shabaha nono wakati wote huo. Mwenye meli atajiuliza kama inastahili kuhatarishwa nyingine kwa ajili yake, na huo ndio uamuzi tunaoutaka.

Kuteka kufuate masharti hayohayo, na kuruhusiwe kwa gofu au kwa meli iliyoshusha bendera tu. Kupigana ndani ya vyumba vya meli ambayo bado ina mizinga ni mchezo mwingine mzima, uacheni kwanza. Kugongana kwa bahati mbaya nako kuacheni: meza ni bapa lakini anga ina kina, na meli mbili zikikutana kwenye kadibodi mojawapo imepita juu.

Pointi sasa. Meli iliyoharibiwa kabisa au kuhamwa, adui apate zote. Inayoelea au gofu mwisho wa mchezo, adui apate nusu. Toleo la pili la X-Wing, mchezo wa mezani wa meli za Star Wars, la mwaka 2018, lilitumia wazo la karibu na hilo, nusu ya pointi kwa meli iliyopoteza nusu ya uhai wake, na lilifanya kazi vizuri kwa sababu lilimwondolea mtu hamu ya kupoteza raundi tatu akimalizia asiyemdhuru. Meli iliyotoka mezani ikielea bila kuvutwa, nusu pia. Iliyovutwa hadi ukingo wa upande wake, robo. Iliyoshusha bendera, pointi zote kwa adui hata asipoigusa. Iliyotekwa na kuvutwa nje, zote na robo juu yake. Meli ya pointi 200 iliyotekwa inakuwa 250. Msipandishe zaidi ya hapo, la sivyo kila mtu ataacha vita na kwenda kuokota.

Zipo hali ambamo ningekushauri usifuate haya yote. Kama mna saa mbili tu kwa jioni, kanuni ya kuondoa ina haki yake, ila iondoeni meli inapokuwa gofu, isiwe inapopoteza injini peke yake, na pigeni marufuku sindano jioni hiyo. Kama mnacheza kampeni, ambapo meli ya leo inarudi vitani wiki ijayo, basi fanyeni kinyume: tumieni kila kitu, hata kujizungusha, kwa sababu kuokoa gofu kuna maana kubwa zaidi kuliko pointi.

Kuna jambo barua haiwezi kulitibu. Ukiona ugomvi unamfuata mtu mmoja, kwamba kanuni ileile anaitetea meli ikiwa yake na kuipinga ikiwa ya mwenzake, kanuni mpya haitasaidia. Mkae naye kando, si mbele ya wengine, mumwulize kinachomkera. Mara nyingi ni mgeni kwenye mchezo, anapoteza meli mapema kisha anakaa saa nzima akitazama. Mpeni meli za pili. Na kama hamwelewani kuhusu mwendo wenyewe, tafuteni mtu aliyezoea michezo hii akae nanyi mezani jioni moja bila kucheza, azisome zile amri mnazoziandika kwa siri na kuwaonyesha zinavyotakiwa kutekelezwa. Ukiwa kwenye mji wenye klabu ya michezo ya mezani, nenda ucheze mara moja kwa kanuni rasmi. Kutazama meli isiyo na injini ikipita mbele yako na kutoka kutamwelewesha binamu yako haraka kuliko maelezo yangu.

Kabla ya Jumamosi, chapeni sehemu ya mafundi na uharibifu. Ground Zero Games wanaitoa Full Thrust bure kwenye tovuti yao, pamoja na vitabu vya meli. Chezeni kwanza na mwendo sahihi na mafundi peke yao, mwongeze gofu na pointi baadaye, na uvutaji mwisho kabisa. Kila meli iwe na karatasi yenye nafasi ya kasi na mwelekeo vilivyoandikwa kwa kalamu kila raundi, ili injini ikizimika pasiwe na wa kubishia ilikokuwa ikielekea.